Kupangilia Lahani ya Kiarmenia kwa Ala za Asili: Mwongozo Kamili Unaoanzia kwenye Dami

Rekodi ninazoletewa na wapangiliaji wetu, wa kwaya na wa taarabu, zina kasoro ileile. Mtu amependa wimbo wa Kiarmenia, amempata mpuliza duduki, ile ala ya Kiarmenia ya kupuliza, au ameitoa sauti ya duduki kwenye kinanda, kisha chini yake amepanga kodi, yaani noti tatu tatu zinazopigwa pamoja: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Unaposikiliza, dakika ya kwanza inapendeza. Dakika ya tatu umeshachoka, na lahani yenyewe huikumbuki.

Kipaji hakikosekani. Kinachokosewa ni mahali pa kuanzia. Muziki huu umejengwa juu ya sauti moja isiyokatika, inayoitwa dami, na lahani inayotembea juu yake. Kila noti hupata uzito wake kwa jinsi ilivyo mbali au karibu na dami. Ukitandika kodi, umeifunika dami, na noti hazina tena cha kuzipima. Kwa hiyo tutaanza na dami, kwa nyimbo za vijijini na kwa nyimbo za kanisa.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Lahani iliyoandikwa, na rekodi mbili au zaidi za watu wakiiimba kwa sauti tupu. Kwa nyimbo za vijijini anza na makusanyo ya Komitas (1869–1935), padri na mwanamuziki aliyezikusanya kwa maelfu. Kwa nyimbo za kanisa tafuta chapa zilizohamishiwa kwenye noti za kawaida, kwa sababu vitabu vya kanisa vya karne ya 19 vilitumia alama za Limonjian, namna ya Kiarmenia ya kuandika muziki, ambazo hutazisoma bila kufundishwa.
- Maneno ya wimbo yaliyogawanywa kwa silabi, na maana yake. Unayahitaji hata kama hakuna atakayeimba.
- Duduki mbili za ufunguo mmoja: moja ya lahani, moja ya dami.
- Ghamishi nne au zaidi. Ghamishi ni ule mwanzi mpana, bapa, unaotiwa mdomoni. Mmoja ukigoma, onyesho lisisimame.
- Ala ya kudonoa: kanuni au udi.
- Ala ya upinde: kamancha, au fidla ukiikosa.
- Ngoma moja: dholi, dumbaki au dafu. Kwa nyimbo za kanisa usibebe ngoma kabisa.
- Simu yenye programu ya kupimia sauti, penseli yenye kifutio, kikombe cha maji.

### Ukikosa ala

Nzumari yetu ya pwani haiwezi kushika nafasi ya duduki. Nzumari ni ndugu wa zurna, ala kali ya uwanjani inayokwenda na dholi. Duduki ni ya mti wa aprikoti, ina bomba la upana mmoja na ghamishi pana, na ndiyo maana sauti yake ni nene na ya chini. Ukiwa na nzumari, pangilia densi ya uwanjani kama kochari, na itakupa raha.

Mbadala wa duduki ni klarineti ikipulizwa kwenye noti zake za chini, nayo Waarmenia wenyewe wameitumia sana. Sauti ya mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo ni nzuri kuliko hiyo. Kwa dami tumia selo, uzi mtupu, upinde wa polepole. Baadhi ya vikundi vya taarabu vya Zanzibar vinayo. Kinanda kinaweza kushika dami. Usikipe lahani: mtetemo wa sauti iliyorekodiwa hauwezi kupungua pale neno linapotaka utulivu.

## Hatua ya 1: Ujue wimbo unafanya kazi gani

Kabla ya kugusa ala, andika sentensi moja inayosema wimbo huu uliimbwa na nani, akifanya nini.

Wimbo wa kulima, unaoitwa horoveli, una mwito mrefu wa mkulima na maneno mafupi ya kuwahimiza ng'ombe. Shorori ni densi ya kuyumba taratibu, watu wameshikana. Wimbo wa mhamaji huimbwa na mtu mmoja aliye mbali na kwao. Sharakani ni utenzi wa kanisa, na kila sharakani ina njia yake kati ya njia nane: nne huitwa dzayni na nne koghimi. Taghi ni wimbo wa kanisa mrefu zaidi, ambamo silabi moja huweza kubeba noti nyingi mfululizo. Mfano ni "Havun Havun" wa Ufufuko, unaohesabiwa kuwa wa Grigor Narekatsi wa karne ya 10.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kazi ya wimbo ndiyo inayokuchagulia ala, mwendo na idadi ya watu. Mwito wa shambani ukipewa wapigaji sita wanaocheza pamoja, mkulima amepotea.

Tahadhari. Filamu zimetuzoesha kwamba duduki ni ala ya kilio. Huko kwao hupulizwa kwenye harusi na kwenye mazishi, katika nyimbo za kucheza na za kuomboleza. Usiufanye kila wimbo kuwa msiba.

Umefaulu kama mtu asiyejua Kiarmenia akisoma sentensi yako anaweza kukisia mwendo wa wimbo kabla hajausikia.

## Hatua ya 2: Pandisha noti zote kwenye ngazi bila kuzikunja

Hii ndiyo hatua inayoamua yote. Ukiwa na haraka, fanya haraka kwingine.

Andika kila noti inayotumika katika lahani, kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Usizikunje ziingie ndani ya oktava moja.

Katika solfa tuliyojifunzia kwaya, ngazi hurudia kila oktava: mi ya chini na mi ya juu ni noti ileile. Nyimbo nyingi za Kiarmenia haziendi hivyo. Zimejengwa kwa vikundi vya noti nne nne vilivyoshikana, na noti ya mwisho ya kikundi kimoja ndiyo ya kwanza ya kikundi kinachofuata. Chukua kikundi cha toni, toni, nusu toni, ukipandishe mara tatu:

d – r – m – f
f – s – l – ta
ta – d' – r' – ma'

Kwa herufi: C D E F, kisha F G A B♭, kisha B♭ C D E♭.

Tazama kilichotokea. Chini una E, juu una E♭. Chini hakuna ti, kuna ta. Si kosa la mwandishi wa noti, wala mwimbaji hakuteleza. Ndivyo ngazi ilivyo.

Sasa fikiria yule mpangiliaji anayemwambia mpiga fidla, "Wewe irudie lahani ileile, oktava moja juu." Duduki inapiga E, fidla inapiga E ya juu ambayo haimo katika ngazi hii. Kila mtu chumbani anahisi kuna kitu kimeharibika, na hakuna anayejua ni nini. Nimesikia mipangilio mizuri ikifia hapo.

Kwa hiyo usirudufu lahani kwa oktava mpaka umethibitisha kwamba kila noti ya kipande hicho ipo pia katika oktava ya pili ya ngazi yako.

Ala ya kanuni inasaidia sana hapa, kwa sababu kila kundi la nyuzi lina swichi zake. Unaweza kuweka E chini na E♭ juu, na zisigusane. Kinanda chenye vitufe vya ngazi za Mashariki hakiwezi kwa kawaida. Ukibadilisha noti moja, hubadilika katika oktava zote. Kumbuka pia kwamba kanuni ya Kiarmenia hutumia nusu toni, lakini za kwetu hufuata mtindo wa Kiarabu na zina swichi za robo toni. Ziweke kwenye nusu toni kabla ya mazoezi kuanza, na mpigaji asiziguse kwa mazoea.

### Kuhusu Hijazi

Wapigaji wa taarabu wakisikia "Armenia" mikono hukimbilia makam ya Hijazi, ile yenye pengo la toni moja na nusu katikati. Pengo hilo limo katika baadhi ya lahani, hasa za mijini na za waimbaji waliozunguka na ala zao. Nyimbo nyingi za wakulima hazina. Fuata noti ulizoziandika. Usiongeze pengo ili wimbo usikike wa Mashariki zaidi.

### Tafuta kituo

Kituo ni noti ambayo lahani hupumzikia mwisho. Mara nyingi haiwi noti ya chini kabisa. Lahani huweza kuteremka chini yake na kurudi. Iandike kwa duara. Kisha tafuta nguzo ya pili, noti ambayo lahani hurudia kuizunguka katikati ya safari. Mara nyingi iko noti ya nne au ya tano juu ya kituo.

Umefaulu kama unaweza kuimba ngazi yako yote, kupanda na kushuka, mwenzako akiwa ameshika kituo kwa sauti moja, na wewe hutetereki kwenye zile noti zinazotofautiana chini na juu.

## Hatua ya 3: Chagua ufunguo kwa kufuata duduki

Duduki ina nafasi ya oktava moja na noti chache tu juu yake. Kwa hiyo ndiyo inayochagua ufunguo, na ala nyingine zinafuata. Wengi huanza na duduki ya A. Kama lahani inakwenda chini sana, tafuta duduki ndefu zaidi badala ya kulazimisha.

Weka noti zilizotiwa nguvu na maneno katikati ya upana wa duduki, mahali inapoongea bila kukazwa. Noti za juu kabisa hulipiwa kwa midomo. Zikiwa nyingi, mpulizaji atachoka kabla ya beti ya tatu.

Lahani ikizidi upana huo, usiikate wala kuishusha oktava katikati ya sentensi. Mpe kamancha au kanuni sentensi nzima inayozidi, na duduki irudi sentensi inayofuata. Mpokezano ufanyike pale mwimbaji angevuta pumzi, si kwingine.

Umefaulu kama mpulizaji anaweza kupita lahani yote mara mbili mfululizo bila midomo kulegea.

## Hatua ya 4: Simamisha dami

Dami ni noti moja iliyoshikwa tangu mwanzo hadi mwisho, na anayeishika huitwa damkashi. Watu humchagua mwanafunzi dhaifu kuliko wote kwa kazi hii kwa kuwa ana noti moja. Mchague mwenye sikio zuri kuliko wote. Akipwaya yeye, kila mtu amepwaya.

### Andaa ghamishi

Tia matone machache ya maji ndani ya ghamishi, tikisa, mwaga, kisha iache imesimama bila kifuniko mpaka midomo yake ifunguke kidogo. Katika unyevu wa pwani itafunguka upesi, kwa hiyo maji yawe machache sana. Ikifunguka mno, sauti inashuka na kuwa nzito kuipuliza. Ifunike kwa muda. Ikibaki imefungwa, inalia kwa sauti nyembamba au hailii kabisa.

Kuna kipete kinachoizunguka ghamishi. Ukikisogeza kuelekea mdomoni, sauti hupanda. Ukikirudisha nyuma, hushuka. Kisogeze kidogo kidogo. Ghamishi ikipasuka haina dawa.

### Linganisha sauti

Tumia simu kupima dami peke yake. Ikishakaa, zima simu. Duduki ya lahani ijilinganishe na dami kwa sikio: kwanza kituo, kisha noti ya nne, kisha ya tano. Zikiwa hazijakaa utasikia mawimbi, sauti inapiga wa-wa-wa. Sogeza mpaka mawimbi yapungue na kupotea.

Kipima sauti hakitoshi kwa sababu sauti ya duduki hubadilika kadiri ghamishi inavyopata joto. Simu ilikupa jibu la dakika tano zilizopita.

### Pumzi isiyokatika

Damkashi anapuliza mashavu yakiwa yamejaa hewa. Hewa ya kifuani inapokaribia kwisha, mashavu yanasukuma iliyomo mdomoni huku pua ikivuta nyingine. Afanye zoezi kwa mrija ndani ya glasi ya maji: mapovu yasisimame wakati wa kuvuta pumzi. Mapovu yakishakuwa ya mfululizo, ahamie kwenye ghamishi peke yake, kisha kwenye duduki kamili. Akisikia kizunguzungu, aache na apumzike.

Kama onyesho liko karibu na hajaweza, weka damkashi wawili wapokezane pumzi bila kuachana, au mpe selo kazi hiyo.

### Wapi dami ihame

Kwa nyimbo fupi, isihame. Kwa lahani ndefu, ihame tu pale lahani yenyewe imehamia nguzo nyingine na kukaa huko kwa sentensi nzima. Mahali pawili pa dami panatosha karibu kila wimbo. Ukijikuta unaihamisha kila mizani mbili, umerudi kwenye kodi kwa mlango wa nyuma.

Ianze dami peke yake, sekunde nane hadi kumi, kabla ya lahani kuingia. Msikilizaji anahitaji muda huo ili sikio lake lijue nyumbani ni wapi. Ukiufupisha, noti ya kwanza ya lahani itakuwa sauti tu, haina uhusiano na kitu.

Umefaulu kama baada ya dakika moja msikilizaji hatambui tena kwamba dami ipo, lakini ukiikata ghafla anageuka kukutazama.

## Hatua ya 5: Gawa kazi

Sasa una dami na lahani. Jiulize kwa kila ala unayotaka kuongeza: inafanya nini ambacho hakijafanywa?

Kamancha ni ya kuzungumza. Ina ngozi badala ya ubao, na sauti yake ina kamkwaruzo kanakofanana na koo la mtu. Mpe sentensi za masimulizi, zenye maneno mengi. Ukitumia fidla, punguza mtetemo wa kidole na tumia nyuzi tupu kila inapowezekana.

Kanuni ni ya nafasi. Iache idondoshe noti moja moja mwisho wa sentensi, au iguse kituo katika oktava mbili. Wapigaji wetu wamezoea kujaza, na taarabu inawalipa kwa hilo. Hapa waombe waache tupu.

Udi hushika mdundo mwepesi katika densi, na katika nyimbo za polepole huweza kugusa dami kila mwanzo wa sentensi.

Duduki ibaki na kilele. Ikipewa lahani tangu mwanzo hadi mwisho, haina tena pa kwenda. Mara nyingi naanza na kamancha, duduki naileta kwenye beti ya pili.

Ala mbili zikipiga lahani moja kwa pamoja, zisifanane kila noti. Moja ipige lahani wazi, nyingine ipambe. Huko vijijini hakuna aliyekaa kuwapangia. Kila mmoja anaujua wimbo na anausema kwa mkono wake. Andika lahani wazi kwa wote wawili, kisha waambie nani apambe, na wapi.

Njia nzuri ya kujifunza mgawanyo huu ni densi saba za piano za Komitas, "Yot Par". Ameandika ndani ya noti maelekezo ya ala za kijijini ambazo piano iziige. Mwaka 2008 Levon Eskenian alianzisha The Gurdjieff Ensemble, na kundi hilo likazirudisha kazi za Komitas kwenye ala zenyewe katika albamu ya mwaka 2015. Fungua noti za piano, sikiliza rekodi, weka alama kila ala inapopokezana. Jioni moja ya kazi hiyo inafundisha kuliko maelezo yangu yote.

### Kwa nyimbo za kanisa

Katika Kanisa la Kitume la Armenia sharakani huimbwa. Mpangilio wa ala ni wa jukwaani au wa kusikilizwa nyumbani, na usiupeleke kwenye ibada yao bila ruhusa.

Punguza kila kitu: duduki au kamancha moja, dami, na kanuni kwa noti chache. Ala za mlio zinazotumika katika liturujia yenyewe ni kshotsi, duara la chuma lenye vikengele lililo kwenye mpini, na matoazi. Ukitaka rangi ya chuma, tikisa vikengele vidogo mahali pamoja au pawili. Usitumie seti ya ngoma, usitumie dholi.

Jua pia wimbo ni wa siku gani. Wimbo wa Ufufuko usiutumie kuwa muziki wa nyuma wa mazishi kwa sababu tu ni wa polepole.

Umefaulu kama ukiiondoa ala yoyote, wimbo unakosa kitu unachoweza kukitaja.

## Hatua ya 6: Sauti ya pili, kama inahitajika

Mara nyingi haihitajiki. Ikihitajika, kuna njia nne salama, na zote zinaheshimu dami: noti ndefu iliyoshikwa noti ya nne au ya tano juu ya kituo, kijisentensi kifupi kinachorudia palepale, jibu fupi wakati lahani imepumzika, au lahani ileile ikiingia kwa kuchelewa kidogo, kama mwangwi.

Epuka noti ya tatu inayofuatana na lahani kila hatua, ule mtindo wa kwaya wa sauti ya pili kutembea sambamba. Unapendeza katika tenzi zetu. Hapa unailazimisha lahani kuwa ya furaha au ya huzuni, yaani meja au maina, wakati yenyewe haijachagua. Komitas, aliyesoma Berlin kuanzia 1896 hadi 1899 na aliyejua vizuri kodi za Kijerumani, alijenga sauti zake za pili juu ya noti za nne na za tano zilizomo katika lahani yenyewe.

## Hatua ya 7: Mapigo, maneno na pumzi

Gawa kwanza: wimbo una mapigo au hauna?

Taghi na horoveli hazina mapigo ya kuhesabu. Usiziwekee mistari ya mizani. Andika noti bila tarakimu za mapigo mwanzoni, weka alama ya mkato mahali pa pumzi, na wote wamfuate mwenye lahani. Ukizitia kwenye metronomu ili kurekodi kwa urahisi, umeua kilichokuvuta.

Densi zina mapigo, na si yote ni mepesi kwetu. Mapigo 10 yanayogawanywa 3+2+2+3 yamo sana katika nyimbo za Waarmenia wa Anatolia, katika Uturuki ya leo. Wafundishe wapigaji kwa kupiga makofi na kutembea, kabla ya ala. Ngoma ipige sauti nzito mwanzo wa vikundi vya mapigo matatu, na nyepesi kwingine. Dholi ya ndani ya chumba hupigwa kwa viganja. Fimbo ni za uwanjani pamoja na zurna.

Kuna jambo linalowaangusha wasemaji wa Kiswahili peke yao. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiarmenia kwa kawaida hukaza silabi ya mwisho. Mpulizaji wetu, bila kujua, huegemea noti ya kabla ya mwisho na kuiachia ya mwisho ianguke. Wimbo unapata lafudhi ya kwetu hata kama haukuimbwa neno. Pigia mstari silabi ya mwisho ya kila neno kwenye karatasi ya kila mpigaji, kisha yasomeni maneno pamoja kwa sauti kabla ya kupiga.

Mapambo yafuate maneno hayohayo. Chagua maneno mawili au matatu katika beti yanayobeba maana, pamba hapo, na kwingine piga wazi. Beti ya kwanza iwe wazi kabisa. Msikilizaji aijue lahani kwanza.

Umefaulu kama mtu anayejua Kiarmenia anaweza kuyaweka maneno juu ya upigaji wenu bila kulazimisha silabi.

## Hatua ya 8: Andika, kaa, rekodi

Ukurasa mmoja kwa kila mpigaji unatosha. Juu kushoto andika kituo, ngazi yote kama ulivyoiandika katika hatua ya 2, na jina la anayeongoza. Zile noti zinazotofautiana chini na juu zitie rangi.

Kaeni nusu duara. Damkashi awe karibu na mwenye lahani, bega kwa bega, wasikie mawimbi ya sauti zao. Kanuni iwe katikati. Dholi iwe mbali zaidi.

Kwa kurekodi, maikrofoni moja au mbili mbele ya kundi lote, na chumba kisicho na mwangwi mwingi. Kishawishi ni kuongeza mwangwi wa kompyuta ili isikike kama monasteri ya Geghard, iliyochongwa mwambani. Ongeza kidogo sana. Mwangwi mwingi hubeba noti iliyopita na kuilaza juu ya inayofuata, na hapo mnasikia kodi ambazo hakuna aliyezipiga.

## Kasoro zinazojirudia na tiba yake

Duduki inasikika imepwaya ingawa simu inasema sawa. Dami imehama kwa sababu ghamishi yake imepata joto. Linganisheni tena nyinyi kwa nyinyi, bila simu.

Wimbo unachosha kabla ya kufika nusu. Ala zote zinapiga wakati wote. Nyamazisha mbili kwenye beti ya kwanza na moja kwenye ya pili.

Sehemu ya juu inaleta ukakasi. Rudi hatua ya 2. Kuna mtu amerudufu oktava.

Densi haichezeki. Wapigaji wanahesabu moja hadi kumi. Waache wahesabu 3, 2, 2, 3 kwa miguu.

Mwisho unakatika ghafla. Dami imesimama pamoja na lahani. Damkashi aendelee pumzi moja nzima baada ya noti ya mwisho, kisha apunguze hewa bila kuibadilisha sauti. Ghamishi hushuka hewa inapopungua, kwa hiyo akaze midomo kidogo anapomaliza. Hili lifanyieni mazoezi peke yake, kabla ya kurekodi wimbo mzima.